Taa ya Wadudu na Futari ya Mama Sharifa

Sumaili alikuwa fundi wa kushona nguo mjini Kindu. Cherehani yake ilikaa barazani, na kutwa nzima wapita njia walisimama kumsalimu na kumweleza habari za mvua na za mto. Mkewe, Riziki, alikuwa na mimba yao ya kwanza. Siku hizo alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, na kila aliyemwona alitabasamu.

Mwaka ule nyumba za mtaa wao zilitiwa umeme. Sumaili alifurahi kupita kiasi. Alitundika taa katikati ya chumba cha mbele, juu kabisa ya mkeka wa kulia. Jua likitua, aliiwasha, akaacha mlango na madirisha wazi ili watu wa njiani nao waone.

Watu waliona. Wadudu nao waliona.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mvua zilikuwa hazijaisha. Kila jioni, Sumaili na Riziki walipoketi kufuturu, waliingia kumbikumbi, nondo, na wadudu wadogo weusi wasiojulikana jina. Waligonga taa, wakaanguka kwenye uji, kwenye sombe, yaani kisamvu, na ndani ya kola ya Sumaili.

"Leo uji una nyama," alisema Riziki, akimtoa kumbikumbi kwa kijiko.

"Kumbikumbi ni chakula," alijibu Sumaili.

"Ni chakula akikaangwa. Huyu anaogelea."

Sumaili angeweza kuishi hivyo mwaka mzima. Lakini jioni moja alikuja Mzee Tambwe, jirani yao, aliyekuwa ametoka kununua samaki Lokandu. Alileta salamu za Mama Sharifa, mama yake Riziki, aliyekaa huko.

Katika ukoo wa Riziki, binti huzaa mtoto wa kwanza mikononi mwa mama yake. Kwa kawaida binti humfuata mama. Riziki alikuwa ameomba mama yake aje Kindu badala yake.

"Mama Sharifa anakuja Ijumaa," alisema Mzee Tambwe. "Atafuturu hapa, ataitazama nyumba. Ikimpendeza, atabaki mpaka mtoto azaliwe. Isipompendeza, atarudi Lokandu na binti yake."

"Na mimi?" aliuliza Sumaili.

"Juu yako hakusema neno."

Sumaili alimtazama mkewe. Aliwaza mtoto wake akilia mara ya kwanza huko Lokandu, na yeye akiwa Kindu anatia kifungo kwenye suruali ya mtu. Kumbikumbi mmoja akamwangukia puani. Hakumfukuza. Alikuwa anafikiri.

Asubuhi alikwenda kwa jirani wa upande wa pili. Huyu aliitwa Onema, na kazi yake ilikuwa kufunga nyaya za umeme. Alikuwa mtu wa maneno mengi yaliyopangwa vizuri, na akianza kueleza jambo alianzia mbali.

"Ndugu Onema, wadudu watanifukuzia mke," alisema Sumaili.

Onema alicheka, akaingia ndani, akatoka na kitu kinachoning'inia kwenye waya. Mwisho mmoja wa waya ulikuwa na ampuli, yaani kile kioo cha taa kinachowaka. Mwisho wa pili ulikuwa na vidole viwili vya chuma, vya kuchomeka kwenye tundu la umeme ukutani. Tundu hilo watu wa Kindu waliliita prizi.

"Hii njo taa ya kukamata wadudu," alisema Onema, akitamka "ndiyo" kwa "njo" kama watu wa Kindu. "Unaichomeka kwenye prizi. Chini yake unaweka beseni la maji yenye sabuni. Mdudu anafuata mwanga, anazunguka, anachoka, anaanguka majini. Sabuni inamzuia kuruka tena. Sasa, sikiliza vizuri, mahali pa kuiweka..."

"Nimeelewa," alisema Sumaili. Alikuwa ameishika taa tayari. Mteja alikuwa anamngoja barazani.

"Bado sijamaliza."

"Nimeelewa, ndugu. Asante sana."

Jioni ile Sumaili alitaka kuijaribu taa kabla ya Ijumaa. Akamwalika Mzee Tambwe kufuturu. Katika nyumba ya Sumaili, kama katika nyumba zote za jamaa zake, mgeni wa heshima huketishwa penye mwanga. Basi Sumaili akaning'iniza taa ya wadudu kando ya mlango, pale pale anapoketi mgeni. Akaweka beseni chini yake, akaacha na taa kubwa ikiwaka juu ya mkeka.

"Karibu, Mzee. Kaa hapa, kwenye mwanga."

Mzee Tambwe aliketi, akatengeneza kanzu yake vizuri. Adhana ya Magharibi ilisikika. Akala tende, akashukuru, kisha akatazama kando ya goti lake. Aliona beseni la maji yenye sabuni. Mtu aliyelelewa vizuri akiona beseni la maji kando yake kabla ya kula, anajua la kufanya.

Alikunja mikono ya kanzu, akanawa.

Alinawa kwa utulivu, akasugua kucha moja moja. Kisha akainua mikono. Mabawa ya kumbikumbi yalikuwa yamemshika mpaka kwenye viwiko, na nondo mmoja mnene alikuwa amekaa kwenye kidole gumba kama pete.

"Sumaili, baba," alisema polepole, "maji haya umeyachota wapi?"

Riziki alijifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalitikisika. Wakati huo wadudu wa mto mzima walikuwa wanaingia mlangoni, wengine kwenye taa ndogo, wengine kwenye taa kubwa, na wengi zaidi kwenye ndevu za Mzee Tambwe. Mzee alifuturu kwa tende tatu, akaaga. Njiani alimweleza kila aliyekutana naye.

Kesho yake Onema alikuja mwenyewe. Hakucheka. Alipoona mahali taa ilipokuwa, alishika kichwa.

"Kwanza, tuseme asante Mungu. Kama waya ungeteleza, ampuli ikaangukia majini na mikono ya mzee iko humo, leo tungekuwa matangani. Umeme na maji havikai pamoja. Waya ufungwe imara kwenye msumari. Ampuli iwe juu ya maji, isiyaguse. Na kabla ya kugusa beseni, chomoa kwanza kwenye prizi."

"Hukuniambia," alisema Sumaili.

"Nilikuwa nataka kukuambia. Mgongo wako njo ulikuwa unanisikiliza."

Riziki alicheka mpaka akaketi. Onema akaendelea.

"Sasa hapa mlangoni. Hapa hukamati wadudu wa ndani. Unawaita wa nje. Ni kama umesimama barazani unawakaribisha kwa majina. Taa ya wadudu inakaa ndani, pembeni, mbali na mlango na dirisha. Mbali na chakula pia. Na taa kubwa uizime. Taa zikiwa mbili, mdudu atachagua ile iliyo juu ya sahani yako."

"Tutakula gizani?"

"Mwanga wa pembeni utawafikia. Mkono unajua njia ya kwenda mdomoni."

"Lakini mama mkwe wangu," alisema Sumaili. "Nimketishe mbali na mwanga? Atasema nimemficha kama gunia."

"Hapo siwezi kukusaidia. Mimi ni mtu wa nyaya."

Riziki aliuliza, "Na mbu? Nao watakufa majini?"

"Wachache tu," alisema Onema. "Mbu hafuati taa sana. Anafuata mtu. Kwa mbu, laleni ndani ya chandarua, na mwageni maji yaliyosimama kwenye makopo na vyungu nje. Taa hii haifanyi kazi ya chandarua."

Sumaili aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshona vyandarua vya nusu ya mtaa. Kwake hakikuwepo hata kimoja.

Siku mbili cherehani haikunyamaza. Wateja walingoja. Sumaili alishona chandarua kipana cha kutosha watu wawili na mmoja mdogo. Mabaki ya kitambaa aliyapigilia madirishani, ili upepo uingie na wadudu wabaki nje. Riziki alimwaga maji ya makopo yote. Akachagua beseni la zamani lililobanduka rangi, akasema hilo ni la wadudu tu, asinawe mtu.

Ijumaa, Mama Sharifa aliwasili. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyamavu, na macho yake yalipita kwenye kila ukuta. Alibeba bakuli lake mwenyewe, lenye kifuniko.

"La nini, mama?" aliuliza Riziki.

"Tambwe alinitumia habari," alisema Mama Sharifa.

Kabla jua halijatua, Sumaili alifunga mlango, akazima taa kubwa, akachomeka taa ya wadudu kwenye pembe ya mbali. Kisha akamwonyesha mama mkwe mahali pake. Palikuwa upande wa pili wa chumba, penye mwanga hafifu.

Mama Sharifa hakuketi.

"Mwanangu, kwenu mgeni anawekwa gizani?"

Sumaili alimnyooshea mkeka. "Mama, mgeni anapewa mahali bora. Katika nyumba hii mahali bora ni mbali na taa. Kaa, ule. Baadaye unihukumu."

Mama Sharifa aliketi. Adhana ilisikika. Alipewa uji, akautia ndani ya bakuli lake, akaufunika. Alifunua kidogo, akanywa, akafunika. Akafunua tena, akakoroga kwa kijiko mpaka chini, akitafuta. Hakupata kitu. Mara ya nne kifuniko kilibaki chini. Kule pembeni kumbikumbi wachache waliokuwa wamewahi kuingia walizunguka taa, wakaanguka majini mmoja mmoja, *tup, tup*, na hakuna aliyewajali.

Baada ya kula, Sumaili alichomoa waya kwenye prizi, ndipo akabeba beseni kwenda kulimwaga nje. Mama Sharifa alitazama jambo hilo. Kisha akaingia chumbani kwa Riziki. Alishika chandarua, akaupitisha mshono kwenye vidole vyake, akavuta kwa nguvu. Haukufumuka.

"Nani ameshona?"

"Mimi, mama," alisema Sumaili kutoka mlangoni.

Mama Sharifa aliuvuta tena, kisha akauachia.

"Nenda mtoni," alisema. "Mizigo yangu nimeiacha kwa mwenye mtumbwi. Nilimwambia asiishushe mpaka nimpe neno. Mwambie aishushe."

Sumaili aliondoka mbio, akasahau viatu.

Mtoto alizaliwa Kindu, msichana, mikononi mwa bibi yake. Kila jioni Mama Sharifa mwenyewe alifunga mlango na kuchagua nani akae wapi. Alilala na binti na mjukuu ndani ya kile chandarua. Sumaili alilala barazani kwenye chandarua kipya, kidogo, alichojishonea.

Mzee Tambwe alikuja kumwona mtoto. Aliketi mbali na taa bila kuambiwa. Riziki alipomletea maji safi ya kunawa, alitazama kwanza ndani ya beseni, halafu akatazama dari.

"Njo ya kunawa, baba," alisema Riziki.

"Nawa wewe kwanza," alisema Mzee Tambwe.