Siwema Apumzisha Sauti

Mpunga wa mama umeiva. Ndege nao wameuona!

Siwema akapanda juu ya dungu, kichanja kirefu katikati ya shamba. Kazi yake ni kuamia ndege, wasile mpunga.

"Haaa! Haaa! Ndege, nendeni!
Wali wetu tuachieni!"

Pururuu! Ndege wakaruka. Pururuu! Wakarudi.

Siwema akakaza shingo. Akapiga kelele asubuhi. Akapiga kelele mchana.

Jioni akafungua kinywa. "Hhh... hhh..." Sauti hakuna!

Machozi yakamtoka. "Mama," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "ndege watamaliza mpunga. Tutakula nini?"

Mama akamgusa koo, taratibu. "Pole, mwanangu. Humu ndani mna vikunjo viwili vidogo. Ukisema, vinatikisika. Ukikaza koo na kupiga kelele, vinagongana. Pa! Pa! Pa! Sasa vimevimba. Vinataka kupumzika."

"Nikinong'ona je?"

"Hata kunong'ona, acha. Kunywa maji."

Asubuhi, Masele wa shamba la jirani akacheka. "Wee Siwema! Chura amemeza sauti yako?"

Siwema akainamisha kichwa. Masele akaacha kucheka.

"Basi, wewe piga debe. Mimi nitapiga kelele za mashamba mawili!"

Ngwa! Ngwa! likalia debe. Masele akaita:

"Haaa! Haaa! Ndege, nendeni!
Wali wetu tuachieni!"

Siku mbili Siwema alinyamaza. Siku ya tatu akasema, "Mama?" Sauti imerudi!

"Sasa uite hivi," mama akasema. "Legeza shingo. Vuta pumzi, tumbo lijae. Tumbo ndilo lisukume sauti."

Siwema akakimbilia shambani. Masele alikuwa amekaa kimya.

"Hhh... hhh..." Sauti ya Masele imekwisha!

Na kule angani, ndege wanakuja. Wengi! Wengi kama wingu!

Siwema akampa Masele debe. Akapanda dungu. Shingo, legea. Tumbo, jaa.

"HAAAAAA! HAAAAAA! Ndege, nendeni!
Wali wetu tuachieni!"

Sauti ikavuka shamba la mama. Ikavuka shamba la kina Masele. Ikafika mtoni!

Pururuuuuu! Wingu zima likageuka. Halikurudi tena.

Mpunga ukavunwa. Mama akapika wali mpya, na Masele akaja kula. Akala sahani mbili!

Usiku Siwema akajifunika shuka. Akagusa koo lake.

"Asanteni, wadogo zangu wawili," akasema polepole. "Sasa laleni."

Vikunjo vikatulia. Siwema naye akalala.