Barua Haziachwi Sandukuni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nane Septemba mwaka wa 2007, saa kumi na nusu jioni, na hakuna aliyejua kwamba yameharibika. Ukungu ulikuwa unashuka polepole kutoka ukingo wa bonde la Subukia, kama maziwa yaliyomwagika mezani pasipo mtu wa kupangusa. Cheptanui, msichana wa darasa la saba, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya Ushirika wa Maziwa, viatu vyake vikiwa na matope ya njia ya shule.

Kila jioni alikuwa hapo. Akitoka shuleni alipitia ofisi ya ushirika, ambako baba yake, Kimeli, alikuwa tarishi. Alipewa chai ya maziwa matupu katika kikombe cha bati, akafungua daftari la hesabu na kumsubiri baba amalize kazi. Lakini hesabu hazikufika mbali. Cheptanui alikuwa mtoto wa kuota macho wazi. Aliitazama mikebe ya maziwa iliyopangwa uani akaiona kama wazee wenye kofia wanaongoja mkutano uanze. Akisikia lori la maziwa likinguruma mlimani, aliona linabeba ukungu wote na kuupeleka Nakuru ukauzwe kwa lita.

Kompyuta ilikuwa imeletwa mwezi uliotangulia. Wakubwa wa ushirika walipiga picha nayo, wakachinja mbuzi, wakala, wakaenda. Kumfundisha mtu kuitumia hakuna aliyekumbuka. Mwenyekiti, Mzee Ephantus, alitoa agizo moja tu: iwashwe kila asubuhi, wageni wakipita waione inawaka. Asubuhi ya Jumanne hiyo alitoa agizo la pili.

"Kimeli, si wewe ndiye mtu wa barua hapa? Weka ile anwani ya ofisi ndani ya hii mashine. Zile barua pepe zinaenda kwa Wachuka, karani wetu kule Nakuru, nataka zifike na hapa pia. Kuzisoma tutaanza wiki ijayo. Kwa sasa ziwe tu zinaingia."

"Mimi, Mwenyekiti? Shule niliachia darasa la nne."

"Fundi ametuma karatasi. Fuata karatasi."

Jioni ilipofika, Kimeli aliitoa karatasi hiyo mfukoni mwa koti akaiweka mbele ya binti yake. Iliandikwa kwa kalamu ya buluu na Harpreet, binti wa duka la kompyuta mjini Nakuru, kwa mwandiko uliolala upande mmoja. Ilikuwa na hatua tisa.

"Mami, nisaidie," baba alisema kwa sauti ya chini. "Nisije nikafutwa kazi kwa sababu ya kitu hata sikukiomba."

Cheptanui alijisogeza karibu. Alifungua programu ya barua, akachagua kuongeza akaunti mpya. Aliandika jina la ushirika, kisha anwani ya barua pepe ya ofisi. Aliandika jina la mashine inayopokea barua na jina la mashine inayozituma, herufi moja moja, akihesabu nukta. Neno la siri lilipokataliwa, maandishi mekundu yakatokea na baba akashika kichwa.

"Imeharibika?"

"Hapana, Baba. Herufi ya kwanza ni kubwa, mimi nimeweka ndogo."

Alisahihisha, mashine ikakubali. Kisha akafika hatua ya saba. Harpreet alikuwa ameandika hivi: *Weka tiki kwenye kisanduku cha kuacha nakala za barua kule zilikotoka. Muhimu! Geuza karatasi.*

Cheptanui hakugeuza karatasi. Macho yake yalibaki kwenye lile neno *kuacha*. Kuacha barua? Polepole aligeuka akamtazama baba yake. Shingoni mwa Kimeli, kwa kamba ya kiatu, ulining'inia ufunguo wa sanduku la posta la ushirika.

Miaka mitatu nyuma ufunguo huo haukuwa kwake. Ulizunguka kwa wakubwa wa kamati, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mama yake Cheptanui, Chepkirui, alikuwa mgonjwa akingojea barua ya hospitali kumwambia siku ya upasuaji. Barua ilifika. Ilikaa ndani ya sanduku siku kumi na moja, kwa sababu ufunguo ulikuwa umesafiri katika mfuko wa suruali ya mtu. Ilipotolewa, siku ya upasuaji ilikuwa imepita. Mama hakuifikia siku nyingine aliyopangiwa. Baada ya mazishi hakuna mkubwa aliyetaka kuushika ufunguo ule tena, ndipo akapewa Kimeli. Tangu hapo, kila akifungua sanduku alitoa barua zote, akaingiza mkono mpaka mwisho na kupapasa kona zote. "Barua haziachwi sandukuni," alimwambia binti yake kila mara. "Hata moja."

Basi Cheptanui aliona Harpreet amekosea. Pengine hakujua. Aliacha kile kisanduku kitupu, bila tiki, akabonyeza kitufe cha mwisho.

Barua zikaanza kuingia, kumi, ishirini, arobaini na tatu. Cheptanui aliziona zikipaa juu ya mashamba ya mahindi, nyeupe, kimya, zikivuka ukungu kama ndege waliochelewa kurudi, zikitua moja moja ndani ya mashine. Baba alicheka. Cheptanui hakukumbuka ni lini alimsikia mara ya mwisho akicheka hivyo.

Siku ya pili, darasani, Naliaka aliyeketi naye dawati moja alimsukuma kwa kiwiko.

"Niaje, Madam Kompyuta? Mwalimu anakuita mara ya tatu, wewe uko Ulaya."

Darasa zima lilicheka, na Cheptanui akacheka pia. Alikuwa na raha. Jioni alipofika ofisini alienda moja kwa moja kwenye mashine, akafungua programu. Barua kumi na saba mpya zilikuwa zimeingia tangu jana. Alifurahi. Halafu upepo wa mlangoni ukaipeperusha karatasi ya Harpreet, ikaanguka chini kifudifudi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi.

*Anwani ni moja, mashine ni mbili. Usipoweka tiki, mashine itakayotangulia itazichukua barua zote na kule hakutabaki kitu. Wachuka hatapata hata moja.*

Cheptanui alisoma mara mbili. Wakati huohuo simu ya baba ililia.

"Wachuka? Ndiyo... Hata moja? Tangu jana?" Kimeli alisikiliza kwa muda mrefu, uso ukikunjamana. Alipokata simu, alisema, "Wachuka anangojea barua ya ofisi ya mifugo, ya chanjo. Ugonjwa wa miguu na midomo uko hapo jirani Solai tayari. Lazima tuijibu kwa idadi ya ng'ombe wetu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo dawa inapelekwa kwingine. Anasema sanduku lake la barua ni tupu kama debe." Akamtazama binti yake. "Mami, ulifuata hatua zote?"

Karatasi ilikuwa chini ya kiatu cha Cheptanui. Aliwaza jinsi baba alivyocheka jana, akawaza neno kufutwa.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Zote."

Alhamisi haikuwa na ndoto nzuri. Mwalimu alipokuwa akiandika ubaoni, Cheptanui aliona barua zikiingia dirishani, zikizunguka juu ya madawati, kila moja ikiuliza njia ya kwenda Nakuru, na hakuna aliyeijibu. Aliona ng'ombe wao, Madoa, amesimama malishoni akidondosha mate na kushindwa kukanyaga. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia aliondoka mbio, hata Naliaka akaachwa na swali mdomoni.

Uani mwa ushirika palikuwa na gari la Mwenyekiti. Kwenye ukumbi mdogo wa nje, juu ya benchi, aliketi Wachuka, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyezoea kumletea peremende kutoka mjini. Leo hakuwa na peremende. Alikuwa na katoni yenye kikombe chake, kalenda na sweta.

"Anti Wachuka, kwani unahama?"

"Nahamishwa, mtoto wangu." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Kamati iko ndani. Wanasema barua ilikuja nikaifuta kwa uzembe. Ofisi ya mifugo imewaambia ilitumwa tangu Jumanne jioni, na watu wa pale wameshaenda mkutanoni hadi kesho. Miaka tisa nafungua barua za ushirika. Nitaanzia wapi kuifuta?"

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakubwa wakishapata wa kulaumu, masikio hufungwa kama duka la Jumapili."

Cheptanui alisimama akiishika kamba ya begi lake. Kutoka ndani alisikia sauti ya Mzee Ephantus ikipanda. Miguu yake ilitaka kukimbilia nyumbani, lakini macho yalikuwa kwenye ile katoni, kwenye kikombe kilichofungwa ndani ya sweta kisivunjike. Akasukuma mlango.

Wanakamati watano waligeuka. Baba yake alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Wewe mtoto, hapa ni mkutano!" Mwenyekiti alisema.

"Ni mimi," Cheptanui alisema.

"Ni wewe nini?"

"Barua ziko hapa, ndani ya hii mashine. Sikuweka tiki, ndiyo maana imezichukua zote. Jana Baba aliniuliza nikamdanganya. Anti Wachuka hajafuta kitu." Alikaza kamba ya begi lake. "Ni mimi."

Kimeli aliweka kofia yake juu ya meza, akatembea hadi kwenye kompyuta, akavuta kiti. "Onyesha, mami," alisema tu.

Ilikuwa pale. Barua ya ofisi ya mifugo ilikuwa imeingia Jumanne jioni, ikakaa siku mbili mbele ya pua za watu, ndani ya mashine iliyowashwa ili itazamwe na wageni. Kimeli alipiga simu kwa Harpreet dukani.

"Sasa, mzee wangu," sauti changamfu ilisikika. "Huyo msichana yuko karibu? Mpe simu. Haya dada, fungua akaunti ile, enda mahali pa hatua ya saba. Kuna kisanduku. Weka tiki. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Sasa zile zimeingia tayari, mtumie Wachuka zote. Na siku nyingine ukiona nimeandika geuza karatasi, geuza! Mimi si mwalimu wa mtihani, sikutegi." Akacheka, na Cheptanui akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Wachuka aliitwa ndani. Aliketi, akapangusa miwani kwa upindo wa leso, akaandika jibu: ng'ombe mia sita na kumi na wawili. Alibonyeza, barua ikaondoka. Cheptanui aliifuata kwa macho ya moyoni ikipanda juu ya miti, juu ya ukingo wa bonde, ikipotea kwenye mawingu upande wa Nakuru. Walingoja. Nje mwanga ulianza kugeuka rangi ya chai. Mwanakamati mmoja alikohoa. Kisha mashine ikalia kidogo: daktari wa mifugo mwenyewe alikuwa amesharudi mezani kwake kutoka mkutanoni. *Tumepokea. Timu ya chanjo itafika Jumatatu saa mbili asubuhi.*

"Basi imeisha vizuri," Mzee Ephantus alisema, akijinyoosha. "Ila Kimeli, mambo ya kuachia mtoto mali ya ushirika, hayo tutayaangalia. Kazi ulipewa wewe."

"Nilipewa, ndiyo," Kimeli alijibu. "Nilipewa karatasi. Mafunzo sikupewa. Hilo pia mliangalie." Hakupandisha sauti. Alimshika Cheptanui begani. "Na wewe nisikilize, mbele ya wazee hawa. Kuacha tiki ni kosa, na kosa mtu yeyote anafanya. Ulifanya kwa sababu ya jambo nililokufundisha mimi, kwa hivyo nusu ya kosa hilo ni langu. Lakini jana uliponiambia ndiyo, hapo ndipo ungetuumiza. Wachuka angebeba katoni yake akaenda, ng'ombe wa watu wangekufa, na wewe ungekaa na huo uwongo maisha yako yote. Kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifichwa, linatafuta mtu asiye na hatia limwangukie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba. Pole, Anti Wachuka."

"Nimeshapoa," Wachuka alisema, akiivuta katoni yake kwa mguu mpaka chini ya meza. "Jumatatu nitakuletea peremende. Mbili tu, kwa sababu ya ule uwongo."

Watu walicheka kidogo, viti vikaanza kusogezwa. Lakini Kimeli hakusogea. Mkono wake ulikuwa umepanda shingoni, ukaushika ufunguo kwenye ile kamba ya kiatu. Aliuvua, akauweka katikati ya meza, juu ya makaratasi ya kamati, taratibu sana, kama anayemlaza mtoto.

"Mmemwona huyu?" alisema. "Ana miaka kumi na mitatu. Ameingia peke yake mbele ya wanaume watano akasema *ni mimi*. Maneno mawili. Hajafa, na dari haijaanguka." Aliwatazama mmoja mmoja, kuanzia mlangoni hadi kwa Mwenyekiti. "Mimi nina swali moja. Nimeliuliza mikutano mitatu ya mwaka, na leo nauliza tena. Zile siku kumi na moja, barua ya Chepkirui ikiwa sandukuni, ufunguo huu ulikuwa mfukoni mwa nani?"

Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Cheptanui aliwatazama wazee wakiutazama ufunguo, naye akangoja, kama alivyongoja ile barua kutoka Nakuru, kusikia ni nani atakayejibu.