Isale kwa Wanangu Wawili

Soko la Mbuyuni lilikuwa limefurika siku Elimringi alipokanyaga ndizi mshare za Eunike. Fundi viatu huyu wa Majengo, shati jeupe limenyooshwa, macho yake yalikuwa kwa muuzaji.

"Kaka, umeniharibia biashara."

"Nitazila zote, dada. Tatizo sina wa kunipikia."

"Jifunze kupika."

Wakacheka, na simu za kila jioni zikaanza. Lakini Elimringi alipotaja ndoa, Eunike akazima simu. Jamaa akajua kuna mwanaume mwingine. Alinuna wiki nzima, kisha wivu ukampandisha Mwika hadi kwa mama yake Eunike.

Alimkuta Eunike kwenye migomba, kanga ya bluu begani.

"Yuko wapi huyo mwanaume wako?"

Eunike alimwonyesha vijilima viwili vya makaburi vilivyopandwa mimea ya masale.

"Mimba ya kwanza iliharibika. Hawa wakazaliwa wamevimba, wakafa. Mume wangu alisema nakula watoto, akaniacha. Nawasikia wakilia, Eli. Sitaki kukuzikia wako."

Elimringi akakumbuka jambo. Yeye huchangia damu. Kundi lake ni hasi, adimu, na hospitali humpigia simu kila mara. Mambo ya akina mama wenye damu hiyo aliwahi kuyasikia huko. Akambembeleza wakapime.

"Damu yako ni hasi," nesi alimwambia Eunike. "Watoto walichukua damu chanya ya baba yao. Mimba ilipoharibika ulipaswa kuchomwa sindano. Hukuchomwa, mwili ukajifunza kuishambulia damu kama ile. Sasa sindano imechelewa."

"Kwa hiyo niliwaua."

"Hapana. Hakuna aliyekupima. Na huyu mwenzio ni hasi kama wewe. Mtoto wenu atakuwa hasi pia, mwili wako hautagombana naye."

Eunike hakufurahi. Alirudi Mwika na Elimringi, akachuma jani la isale, akalifunga fundo na kupiga magoti mbele ya vile vijilima. Kwao, anayeombwa radhi kwa isale hakatai.

"Wanangu, mnisamehe. Sikujua."

Elimringi akachuma lake, akalifunga, akampa.

"Nisamehe kwa kukununia. Na uwe mke wangu."

"Umenitega, wewe," alisema, machozi yakimtoka, akalipokea. Kisha akainua kichwa. "Unawasikia?"

"Siwasikii, mpenzi."

"Mimi bado. Nikiwasikia, utanishika mkono?"

Alikuwa ameshaushika.