Alama za Ngendo

Kila Ijumaa, baada ya kufagia darasa na kuteka maji, sisi wa darasa la saba tuliingia ndani kwa hofu. Mwaka ulikuwa 1972, mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza wiki tano, na Mwalimu Wasike alikuwa ameapa kwamba hakuna mtoto wa shule yetu, hapo karibu na Karatina, atakayeanguka Kiingereza. Alitupa maswali ishirini ya marudio: tofauti ya tashbihi na sitiari, kiima na kiarifa cha sentensi, na mengine ya kuumiza kichwa. Kila jibu lililokosewa lilikuwa fimbo moja ya kiganja.

Tulibadilishana vitabu na kusahihishana, kisha msahihishaji akaandika jina lake chini ya ukurasa. Aliyeongoza tu ndiye aliyesamehewa, naye ndiye aliyetumwa kukata fimbo kwenye mforosadi nyuma ya choo. Kwa wiki nane mfululizo aliyeongoza alikuwa Ngendo. Mimi, Watiri, nilikuwa wa pili daima, na wivu ulikuwa umenijaa.

Ijumaa hiyo nilipewa kitabu chake. Alikuwa ameandika kwa penseli, na yote ishirini yalikuwa sawa. Nilitazama huku na huku, nikachukua raba, nikafuta majibu manane na kuandika upuuzi mahali pake.

“Ngendo, kumi na mbili!” Mwalimu aling’aka. “Umeanza kuringa, eh?”

“Mwalimu, si mimi niliandika hivyo!”

“Ati kitabu ilijiandika? Leta mkono!”

Kwa kuwa sasa aliyeongoza nilikuwa mimi, fimbo nilizikata mwenyewe. Ya kwanza ilivunjika kiganjani mwake, nami nikafurahi, sitaficha. Ilipofika ya tano alikunja vidole, ikampata kwenye vifundo na ngozi ikapasuka. Ya nane ilirusha damu hadi kwenye dawati langu. Hapo nikageuza uso.

Jioni Ngendo alinisubiri karibu na kiwanda cha kahawa.

“Jina yako iko pale chini, Watiri. Ni wewe ulifuta.”

“Mimi sijui kitu.”

Alinipiga kichwa puani. Tukaanguka kwenye maganda yaliyooza, tukiumana na kung’oana nywele, naye alikuwa akinishinda kwa mkono wa kushoto tu. Nilipojinasua na kusimama, nilifanya jambo linaloniaibisha hadi leo. Niliukanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa ukilia. Alipiga mayowe, nami nikatimua mbio.

Mama alikuwa akikatia ng’ombe majani. Aliiona damu puani mwangu akauliza ni nani aliyenipiga, na kwa nini. Nilimdanganya mara mbili. Mara ya tatu nikashindwa, nikasema yote. Hakunichapa. Alinishika mkono tukaenda kwao Ngendo, tukampeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, alisema vidole viwili vimevunjika, na hataweza kushika kalamu kabla ya mtihani. Ngendo alilia kuliko alivyolia kwa fimbo.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa. “Ni mimi nilifuta majibu ya Ngendo,” nilisema. “Yote yalikuwa sawa.” Kisha nikanyoosha mkono.

Mwalimu Wasike aliinua fimbo. Akautazama mkono wa Ngendo uliofungwa bendeji, akaishusha polepole na kuketi.

“Huyu alikuwa anajua yote,” alisema kwa sauti ndogo. “Nimempiga mtoto anayejua, eti namfundisha.”

Kuanzia siku hiyo hakuchapa mtu kwa sababu ya alama. Kila jioni Mwalimu na mimi tulibaki na Ngendo, mimi nikimshikia karatasi, na Ngendo akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Siku ya mtihani aliandika polepole, herufi zikiyumba, lakini alimaliza.

Matokeo yalipotoka, Ngendo alikuwa wa kwanza. Nilimletea mama habari nikiwa nimeinamisha kichwa.

“Wewe umekuwa wa ngapi?” aliuliza.

“Wa pili.”

“Hiyo ni yako, shukuru. Na kama huyo mtoto angeanguka kwa sababu yako, ungemlipa na nini? Ukitaka kumpita mtu, mwanangu, soma kumliko. Usimvunje vidole.”