Mwisho Mia Tano

Kamera ya marehemu baba yake ilikuwa na mwisho wake: mia tano. Yaani sehemu moja ya mia tano ya sekunde, shata, kile kipazia cha ndani kinachopitisha mwanga, inafunguka na kujifunga, basi. Kidude cha kuchagulia spidi hakikwenda mbele zaidi hata ukikilazimisha. Ndiyo maana mpiga picha alishtuka mchana ule studioni, kidude kilipolia tik na kusogea hatua moja kupita mia tano, mahali pasipo na namba.

Mtu mwenye akili zake angekirudisha. Lakini yeye alikuwa mama wa binti wa miaka sita asiyetulia hata usingizini, waliyempa jina Chiriku, na kila picha yake hutoka na ukungu. Kwa hiyo alifurahi. Akapiga tatu mfululizo, mtoto akirukaruka.

Kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha hakunusa ile siki ya dawa aliyoizoea, alinusa nywele zilizoungua. Picha ya kwanza: Chiriku yuko hewani, safi kabisa, na mlangoni amesimama mtu mrefu. Ya pili, mtu yuko katikati ya chumba. Ya tatu, vidole vyake viko begani kwa mtoto.

Alimpigia simu baba yake mdogo, fundi wa kamera, naye akafika akihema.

"Umevuka mia tano?"

"Imesogea yenyewe, baba mdogo."

"Yenyewe! Haraka haraka haina baraka, mwanangu." Akashusha sauti. "Viumbe hawa wanakwenda mbio kuliko jicho. Baba yako alikiziba kidude hapo ili asiwaone tena. Wewe umemwona, naye ameonekana. Sasa hana sababu ya kujificha."

"Atamchukua Chiriku?"

"Tukimfuta, hapana. Polepole ndio mwendo. Shata ikiachwa wazi dakika nzima, chochote kinachosogea hufutika. Mtoto akae kama jiwe. Kitakachobaki kwenye picha ndicho kitakachobaki nyumbani."

"Chiriku? Dakika nzima?" Alitaka kucheka, akashindwa.

Wakafunga mapazia, wakamketisha mtoto kwenye kigoda, na mama akabonyeza kitufe na kukishikilia huku harufu ya nywele ikimpanda puani, na nyayo zikizunguka kigoda mbio mbio bila mwenye nyayo kuonekana, mpaka ghafla zikakoma, na Chiriku akabaki ameketi wima, mikono magotini, hakupepesa hata jicho, mpaka fundi, aliyekuwa akihesabu sekunde, akasema sitini.

"Hongera, mjukuu wangu!" fundi akasema. Mama alilia kwa furaha.

Kwenye chumba cha giza ilinuka siki tu. Alitabasamu, akaitikisa karatasi ndani ya dawa. Kigoda kikajitokeza. Juu yake, safi kabisa, mikono magotini, ameketi yule mtu mrefu. Kando yake palikuwa na ukungu mdogo, na ndani ya ukungu viganja viwili vya mtoto vilivyokuwa vikipunga, vikipunga.

"Mama," sauti ya binti yake ikasema nyuma ya mlango, taratibu, neno kwa neno. "Nimetulia vizuri?"