Aliyerudi Garini Notsuke

Dada yangu Chizuru si mtu wa kutunga mambo. Ndiyo maana aliponisimulia haya sikucheka.

Yeye na mumewe Motoki wanaishi katika mji wa Nemuro, nyuma tu ya nyumba yangu. Kila Februari huchukua gari wakazunguka kupiga picha za wanyama. Siku ile walianza kwa korongo waliokuwa wakicheza thelujini, wakala matonge yao ya wali humo humo garini, na shemeji hakunyamaza: lenzi hivi, mwanga vile. Chizuru, aliyekuwa akiendesha, alimwambia kama picha zingepigwa kwa mdomo angeshatajirika.

Mchana waliingia Notsuke, kile kipande chembamba cha nchi kavu chenye bahari huku na huku, upande mmoja umeganda. Mbweha alikuwa ameketi kando ya barabara. Mbweha wa pale huyasogelea magari wakitaka chakula. Huyu hakusogea. Aliinuka, akatembea kidogo, akageuka, akangoja.

Motoki alishuka na kamera.

"Usimfuate mbali," Chizuru alimwambia. "Huyo anakuita."

"Basi ngoja niitike."

Aliteremka kwenye barafu, na theluji iliyokuwa ikipeperushwa na upepo ikamficha.

Alirudi upesi, lakini alitokea upande wa pili wa barabara, kwenye bahari isiyoganda. Aliingia bila kukung'uta viatu.

"Umempata?"

"Nimempata. Twende."

Hakusema lingine. Chizuru aliwasha gari, akashika njia ya kurudi, akidhani amekasirishwa na picha mbaya. Mbele kulikuwa na kundi la kulungu. Wakati wa kuja, kulungu hao hawakuwa wamelijali gari kabisa. Sasa waliinua vichwa vyote kwa pamoja, wakatimua mbio. Kundi la pili vilevile. Tai waliokuwa juu ya nguzo waliruka kabla gari halijafika.

Chizuru akamtupia jicho. Hita ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Theluji ya mabegani mwake haikuwa imeyeyuka.

Walipofika kwenye duka la njiani alisimama, akamwomba, kwa sauti ya kawaida kadiri alivyoweza, akamnunulie kahawa ya moto. Mwenzake alishuka, kamera akaiacha kitini. Chizuru aliichukua.

Mbweha. Mbweha. Mbweha, karibu zaidi.

Picha ya mwisho ilikuwa ya Motoki. Amepigwa kwa nyuma, amepiga magoti kwenye barafu, anavaa glavu. Imepigwa kutoka chini, kimo cha goti la mtu.

Aliinua macho. Yule alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha duka. Hakuwa ananunua chochote. Alikuwa anamtazama.

Chizuru aligeuza gari.

Alimkuta mumewe anatembea barabarani, midomo ya bluu, analia kwa hasira.

"Nimekuita," alisema. "Nimekuona unaondoka. Ulikuwa na nani?"

Alikuwa ameweka kamera chini avae glavu. Alipogeuka haikuwepo, wala mbweha. Chizuru alimfunika blanketi, akafunga milango. Walipopita tena dukani, nyuma ya kioo hapakuwa na mtu.

Walinipigia simu njiani, nikawasubiri nje ya nyumba yao. Jua lilikuwa bado halijazama. Theluji iliyoanguka tangu asubuhi ilikuwa imelala mlangoni, haijakanyagwa. Motoki alifungua kwa ufunguo wake. Mimi nilitangulia kuingia.

Ndani kulikuwa na joto la mvuke.

Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Kifuniko cha beseni la kuogea kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na maji yalikuwa ya moto, yamejaa hadi ukingoni, bado yanatikisika. Taulo la Motoki lilikuwa limetundikwa mahali pake.

Lilikuwa linachuruzika.