Mikono ya Kushikia Uzi

Shada la uzi, ule uzi uliozungushwa maduara makubwa, halikai hewani lenyewe. Unalivisha kwenye mgongo wa kiti, au unampata mtu akunyooshee mikono yake miwili, ndipo unavuta ncha na kuzungusha donge lako. Basi jioni ile Mama Rangi alipoona shada lake limenyooka mbele yake, limekazwa vizuri kabisa, na kiti kiko kule dirishani, jambo la kwanza alilofanya ni kuendelea kuzungusha. Ndiyo, aliendelea. Usimcheke. Mtu aliyekaa peke yake kwa muda mrefu akipata msaidizi haanzi kumdai kitambulisho.

Mama Rangi si jina alilopewa na wazazi wake. Watu wa mtaani ndio waliompachika kwa sababu ya vidole vyake, leo vya manjano, kesho vya kahawia, hata akienda msibani vina rangi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpokea simu wa hospitali. Kutwa nzima sauti za watu zilikuwa masikioni mwake: huyu analia, huyu anatukana, huyu anauliza wodi ya wazazi ni ghorofa gani. Alipostaafu, mumewe, fundi saa, akamnunulia gurudumu la kusokotea lenye pedali, akamwambia, "Shughulisha mikono, mke wangu, la sivyo utaanza kunipigia simu mimi humu humu sebuleni."

Ikawa ndiyo starehe yake. Alinunua sufu mbichi kwa wafugaji, akaiosha, akaichambua, akaisokota. Alichemsha maganda ya vitunguu kwa shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, akatumbukiza uzi, akautoa umekuwa wa dhahabu. Mumewe alikuwa na kazi moja tu, kushika shada. Anakaa kwenye kigoda, mikono mbele, viganja vinatazamana, anainamisha huu, anainua huu, uzi unatoka bila kukwama. Mwaka jana alilala na hakuamka. Hata kwaheri hakumwambia. Kiti ndicho kilichorithi kazi yake.

Lakini kiti hakiinamishi mkono. Uzi ulikwama, akaukwamua, ukakwama tena, na jioni ile uvumilivu ukamwisha. Akakisukuma kiti kule dirishani, akalitupa shada sakafuni na kusema kwa sauti, "Jamani, yeyote aliyemo humu si anishikie tu!"

Hapo ndipo alipokosea. Angemtaja mtu tusingekuwa na hadithi. Yeye alisema yeyote.

Shada likainuka.

"Ni wewe?" aliuliza pole pole. Harufu ya mafuta ya saa ikajaa sebuleni, yale mafuta membamba ambayo mumewe alikuwa akirudi nayo kila siku kwenye vifungo vya shati. Mama Rangi alilia huku anazungusha donge. Alilia kwa furaha, na mimi siwezi kumlaumu.

Tangu hapo kila jioni alikuwa na mtu. Alimsimulia bei ya shabu ilivyopanda, alimsimulia habari za binti yao wa pekee aliyeolewa mji wa mbali, ambaye sasa ni mjamzito. Alimwambia atamfumia mjukuu shali, uzi wote wa mkono wake mwenyewe. Shada lilikuwa likiinama huku na kule, kama linaitikia. Watu wa mtaa wakasema Mama Rangi amenawiri.

Sasa, uzi imara hausokotwi mara moja. Unajaza bobini ya kwanza, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, unajaza ya pili, kisha unazisokotanisha nyuzi hizo mbili kwa kulizungusha gurudumu kinyume. Siku moja alijaza bobini moja, akaenda kuoga. Maji yanamwagika, sabuni imemwingia machoni, akasikia pedali. Kwi-kwaa. Kwi-kwaa. Akafunga bomba. Pedali haikukoma. Alipotoka amejifunga taulo, gurudumu lilikuwa limesimama, na bobini ya pili imejaa.

Uzi wa bobini hiyo ulikuwa mwembamba kuliko wowote aliowahi kuusokota. Hauna manyoya, na ni wa baridi, baridi ya kuumiza vidole. Mwenye akili angetoka na taulo lake hadi barabarani. Yeye alisema, "Ahsante, mume wangu," akazisokotanisha nyuzi mbili zikawa uzi mmoja, wake na wa yule, kisha akauchemsha kwenye maganda ya vitunguu. Uzi wake ulishika dhahabu. Ule mwingine haukushika kitu. Ulibaki na rangi ya masizi, umejizungusha juu ya dhahabu toka mwanzo hadi mwisho.

Hapo akaanza kushuku. Wasokotaji wana njia yao ya kuujua uzi: unachoma ncha yake. Sufu inanuka nywele zilizoungua, pamba inanuka karatasi. Akachukua kipande cha ule uzi wa baridi alichokuwa amekibakiza, akawasha kibiriti. Uzi haukushika moto. Mwali ndio uliokimbia, ukajikunja kurudi nyuma kwenye vidole vyake hadi ukamuunguza. Harufu ya mafuta ya saa ikawa nzito, na chini yake akanusa kitu kingine, udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na angebaki na nani?

Jirani yake, mshonaji, ndiye aliyemfumania. Aliingia jioni kuazima mkasi, bila kubisha hodi kama kawaida yao, akakuta Mama Rangi anazungusha donge huku akicheka peke yake, na mbele yake shada limetanuliwa, na halikutanuliwa kwa upana wa kifua cha mtu, maana kwa muda sasa kila jioni lilikuwa likitanuka zaidi kidogo naye akijifanya haoni, sasa lilikuwa limefika kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na kule kwenye ncha zake uzi ulikuwa umejikunja juu ya vidole ambavyo havikuonekana, vidole virefu, vinavyochezacheza.

"Dada," mshonaji alinong'ona kutoka mlangoni. "Nani anakushikia?"

"Mume wangu."

"Mumeo tulimzika, dada yangu. Mumeo alikuwa na mikono mirefu hivyo?"

Mama Rangi akatazama. Kwa mara ya kwanza akakubali kutazama.

"Weka donge chini," mshonaji alisema. "Usikimbie. Njoo kwangu taratibu. Njoo, dada."

Mganga aliyeletwa na mshonaji alikuwa mwanamke anayeuza miwani ya kusomea kwenye kibanda, na watu wakimwita Mama Miwani. Hakuja na mbwembwe. Alinusa hewa, akaushika uzi kwa ncha za kucha, akauachia haraka.

"Mama, uliita."

"Nilidhani ni mume wangu."

"Harufu yeyote anaweza kuiiga. Huyu ni jini, na jini akishaitwa kazini hastaafu kama wewe." Akaketi. "Umeusokotanisha uzi wake na wako, kwa hiyo amefungwa hapa. Utaufumua kwa mkono wako mwenyewe. Wake utaurudisha kwenye bobini yake, mimi nitaenda kumtupa mbali. Usibakize hata kipande cha urefu wa ukucha."

"Na kikibaki?"

"Yeyote atakayekivaa, huyo ndiye atakayekuwa naye."

Mama Rangi alifumua siku nyingi, mchana tu, mshonaji akikaa naye na cherehani yake. Uzi wa masizi ulijiviringisha kwenye bobini, mikono yake ikifa ganzi. Kadiri bobini ilivyojaa ndivyo nyumba ilivyotulia. Pedali haikulia tena. Harufu ya mafuta ya saa ilififia, na hilo ndilo lililomuumiza. Alijua si mumewe. Alikuwa ameambiwa, alikuwa ameona. Lakini jioni mshonaji akirudi kwake, zilibaki kuta, na saa ya ukutani ambayo hakuna tena wa kuitia ufunguo.

Lilibaki donge moja dogo, la kutosha kwenye ngumi. Akalisukuma chini kabisa ya kapu, chini ya sufu chafu.

"Nimemaliza," alimwambia Mama Miwani.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mama Miwani alimtazama juu ya miwani yake kwa muda, kisha akaichukua bobini, akasoma dua zake kona zote, akaondoka. Mama Rangi alifunga mlango, akalitoa donge, akalinusa. Mafuta ya saa, kwa mbali. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Binti yake alikuja kumtembelea kabla ya kujifungua, tumbo mbele, kicheko kile kile cha baba yake. Nyumba ikajaa mazungumzo. Alipoondoka, harufu ilikuwa imeondoka pia, hata kwa mbali haikuwepo. Mama Rangi alifikiri jini naye amemchoka. Hakuchungulia kapu.

Habari za mjukuu zilikuja, mvulana, mzima. Kisha jioni moja simu ikaita tena. Aliiweka mezani kwenye spika, kama alivyozoea, mikono ikiwa ndani ya sufu.

"Mama, mtoto halali." Sauti ya binti ilikuwa imekauka. "Hanyonyi. Tumetoka hospitali, wanasema hawaoni kitu. Amenyoosha mikono tu, mama."

"Ameinyoosha vipi?"

"Mbele. Viganja vinatazamana. Nikiishusha inarudi. Na inaenda huku na huku, pole pole, mama, kichanga anafanyaje vile?"

Mama Rangi alisimama. "Amevaa nini mikononi?"

"Glavu zake. Usikasirike, nilikuibia. Lile donge zuri la dhahabu na kijivu chini ya kapu, nilitaka kukushtukiza, nikamfumia..."

"Mvue!"

"Nimeshamvua! Tangu jana nimemvua!" Binti akaanza kulia. "Sasa hata kulia halii tena. Anahema kidogo kidogo. Mama, mwanangu anakufa."

Mama Rangi alikiburuta kigoda cha mumewe katikati ya sebule, akakaa, akachukua shada la mwisho la uzi wake mwenyewe, uzi safi, akalivisha kwenye mikono yake miwili, viganja vinatazamana.

"Safari hii simwiti yeyote," alisema. Sauti yake ilikuwa wazi, ile sauti ya kazini. "Nakuita wewe. Muache mtoto, vile vikono haviwezi kazi yako. Umenishikia siku nyingi. Njoo, leo nakushikia mimi."

Ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa, karibu kabisa na uso wake, na ncha ya uzi ikainuka.

Uzi ukaanza kuondoka mikononi mwake, duara moja, na jingine, ukijiviringisha gizani kule kona, naye akainamisha huu, akainua huu, kwa sababu mikono ilikwenda yenyewe.

"Mama!" Simu ilipiga kelele mezani. "Ameshusha! Ameshusha mikono! Analia, mama, msikie, anataka ziwa!"

Kilio cha mjukuu kikajaa sebuleni. Mama Rangi alitabasamu, machozi yakimfika kidevuni, na hakuweza kuyafuta. Maduara yaliendelea kutoka, moja baada ya jingine, donge kule kona likiendelea kunenepa, na shada mikononi mwake lilikuwa nene vile vile kama lilivyokuwa mwanzo.

"Mama? Mbona kimya? Mama, upo?"

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Simu ikakatika. Ikaanza kuita tena, pale pale mezani, na yule mwanamke aliyepokea simu za watu maisha yake yote akaketi akiitazama ikiita.